Ufuta wa jikoni: ganda, moto na kusaga

Mapishi yanayosema "tia mafuta ya ufuta" bila kutaja yapi humwacha mpishi akibahatisha. Mafuta hayo yapo ya namna mbili, na hazifanani kwa rangi, harufu wala kazi. Ya namna moja unaweza kuyajaza kwenye karai ukakaangia maandazi ya familia nzima. Ya namna ya pili ukiyafanyia hivyo, jiko litajaa moshi, maandazi yatakuwa machungu, na chupa ya bei kubwa itakuwa imeishia pale pale. Punje nazo zina mkanganyiko wake. Mmoja anasema ufuta ni mchungu, mwingine anasema ni mtamu kama karanga, na wote wawili wanasema kweli. Mmoja anasema ufuta una kalisi (madini ya mifupa) nyingi kuliko maziwa, mwingine anafungua jedwali la vyakula na kukuta kalisi ni kama nusu tu ya ile ya maziwa. Hapo pia hakuna aliyedanganya.

Ukiufuatilia mkanganyiko huu unakuta unazaliwa na maswali matatu ambayo watu hawaulizi. Je, punje bado ina ganda lake? Imepita kwenye moto, na moto kiasi gani? Imesagwa au imebaki nzima? Majibu ya maswali haya yana uzito kuliko rangi ya ufuta, nchi ulikotoka, au maneno mazuri yaliyochapwa kwenye pakiti.

Tuanze na punje yenyewe, kwa kifupi. Ufuta, ambao Kenya na Uganda wengi huuita simsim, ni Sesamum indicum kwa jina la kitaalamu. Ndugu zake wengi wa porini wako Afrika, lakini ufuta tunaoula ulianza kulimwa Bara Hindi. Punje zilizoungua zimefukuliwa Harappa, mji wa kale ulioko Pakistani ya leo, katika mabaki ya zaidi ya miaka 4,000. Punje elfu moja zina uzito wa takriban gramu 3 tu. Karibu nusu ya uzito huo ni mafuta, na karibu sehemu moja ya tano ni protini. Ganda lake ni jembamba sana, ila kwa kuwa punje yenyewe ni ndogo mno, ganda huchukua kama asilimia 17 ya uzito wote. Yakumbuke mambo haya mawili, wingi wa mafuta na wingi wa ganda, maana yote yanayofuata yanatoka hapo.

Mafuta mawili, jina moja

Mafuta ya kwanza hukamuliwa kutoka kwenye ufuta mbichi. Yana rangi ya manjano hafifu, mepesi, na harufu yake ni ya mbali. Yakisafishwa kiwandani hukosa harufu kabisa; yasiposafishwa hubaki na ladha kidogo ya mbegu, na pengine uchungu kidogo kwa sababu ganda limekamuliwa pamoja na kiini. Haya ndiyo mafuta ya jikoni ya kusini mwa India. Kule Tamil Nadu ufuta husagwa taratibu kwenye kinu cha mti na kuongezwa sukari guru wakati wa kukamua, na mafuta yake hutumika kukaangia, kupikia mchuzi na kuhifadhia achari.

Ya pili hutoka kwenye ufuta uliokaangwa kwanza, mara nyingi kwenye joto la nyuzi za Selsiasi 180 hadi 200 au zaidi, ndipo ukakamuliwa. Rangi yake ni ya chai ya rangi iliyokolea, na harufu yake hufika chumba cha pili. Ndiyo mafuta ya China, Korea na Japani, na pale yanahesabika zaidi kama kiungo kuliko kama mafuta ya kukaangia. Kijiko kimoja cha chai hudondoshwa juu ya mboga, tambi au supu wakati sufuria imeshatoka jikoni. Harufu yake imetengenezwa na moto na moto huo huo huifukuza. Ukiyachemsha kwa dakika kumi utakuwa umelipia harufu iliyopanda na mvuke.

Basi mtu wa Dar es Salaam au Mombasa akipata mapishi ya Kikorea yanayotaka mafuta ya ufuta, akaenda kwa mkamuaji wa mtaani akanunua yale ya manjano, ataduwaa: ametia kijiko, ametia viwili, chakula hakibadiliki. Kumbe mapishi yalitaka ya pili. Kosa la upande wa pili ni baya zaidi, kwa sababu mafuta yaliyotokana na ufuta uliokaangwa hutoa moshi mapema kuliko yale yaliyosafishwa. Wakamuaji wetu wengine huukaanga ufuta kidogo kabla ya kukamua na wengine hawaukaangi, na chupa zote huandikwa "mafuta ya ufuta" bila maelezo. Usiamini maandishi. Inua chupa kwenye mwanga, kisha fungua kifuniko unuse. Rangi na pua vitakwambia yote.

Sifa moja mafuta haya mawili yanashirikiana: hayaharibiki upesi. Kwa muundo wake yalipaswa kuharibika, kwani zaidi ya asilimia 80 ni mafuta ya aina laini, yale ambayo hewa huyashambulia kwa urahisi. Kinachoyalinda ni kemikali za asili za ufuta zinazoitwa sesamini na sesamolini. Ufuta ukikaangwa, sehemu ya sesamolini hugeuka kuwa sesamoli, ambayo ni kizuizi kikali cha kuharibika. Hapo moto, ambao kwa mafuta mengine ni adui, kwa ufuta huleta ulinzi.

Kabla alizeti, pamba na mawese hayajashika soko, ufuta ulikuwa na nafasi kubwa kwenye vinu vya mafuta vya pwani yetu. Wazee waliyajua mafuta yake kama mafuta ya uto, na mijini kama Zanzibar na Lamu vinu vya kushindika vilizungushwa na ngamia waliofungwa macho, wakizunguka kutwa mahali pamoja. Biashara yake ilikuwa kubwa, na ilikuwa na uchungu wake. Malindi, iliyokuwa imebaki magofu, ilifufuliwa na Sultani Majid bin Said mwaka 1861 ikawa mji wa mashamba, na mtama na ufuta wa mashamba yale ulilimwa kwa jasho la watumwa. Ufuta wa pwani ulipitia Zanzibar, na wafanyabiashara wa Ufaransa walikuwa miongoni mwa wanunuzi wakubwa. Huko Marseille ulikamuliwa mafuta ya chakula na ya sabuni.

Leo ufuta mwingi wa Tanzania unatoka Lindi, Mtwara, Ruvuma na pia mikoa ya kati, na kituo cha utafiti cha Naliendele, Mtwara, kimetoa mbegu bora kama Ziada 94, Lindi 2002 na Mtwara 2009. Mkulima anaupeleka kwenye chama cha ushirika, unauzwa mnadani kwa mfumo wa stakabadhi ghalani, na sehemu kubwa inapanda meli kwenda Asia. Japani, kwa mfano, huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje. Kwa hiyo ile chupa ndogo ya mafuta meusi kwenye rafu ya supamaketi huenda ndani yake mna ufuta wa jirani yako, aliouuza kwa kilo na wewe unaununua kwa kijiko. Mimi naona ni ajabu kwamba nchi inayolima ufuta wote huo inaula kidogo hivi.

Ganda: uchungu, rangi na hesabu ya kalisi

Watu wengi hudhani ufuta mweupe ni uliokobolewa na wa kahawia ni ambao haujakobolewa. Rangi ya ganda hutegemea mbegu. Ipo mbegu yenye ganda jeupe, yenye ganda la kahawia, la manjano na jeusi. Ukikoboa yoyote kati ya hizo, kiini cha ndani ni cheupe. Ndiyo maana hakuna ufuta mweusi uliokobolewa; weusi wote uko kwenye ganda, na ganda likiondoka weusi umekwenda nalo.

Njia ya uhakika ya kujua ni kuloweka punje chache kwa saa kadhaa kisha kuzifikicha kati ya vidole viwili. Ngozi ikivuka, ufuta haujakobolewa. Wa sokoni kwetu, unaopimwa kwa kikombe au kwa kilo, karibu wote una ganda lake. Wa pakiti ya supamaketi, ule unaong'aa kidogo kama lulu na wote una rangi moja, mara nyingi umekobolewa kiwandani: unalowekwa, wakati mwingine kwa kostiki soda, unasuguliwa, unaoshwa na kukaushwa.

Ganda ndilo lenye ule uchungu. Ndani yake mna oksaleti nyingi, chumvi za asidi ile ile ya asili iliyo nyingi kwenye mchicha, na oksaleti hizo zimeshikana na kalisi. Hapo ndipo ugomvi wa kalisi unapoamuliwa. Gramu 100 za ufuta wenye ganda zina takriban miligramu 975 za kalisi. Gramu 100 za ufuta uliokobolewa zina takriban miligramu 60. Maziwa ya ng'ombe yana kama 120. Aliyesema ufuta unashinda maziwa mara nane alisoma mstari wa kwanza. Aliyesema ni kama nusu tu ya maziwa alisoma wa pili.

Lakini hata mstari wa kwanza usikulaghai. Hakuna anayekula gramu 100 za ufuta kwa mkao mmoja. Kijiko cha chakula kina kama gramu 9, yaani miligramu 88 za kalisi ikiwa ganda lipo, na tano au sita ikiwa halipo, wakati mtu mzima anahitaji kama 1,000 kwa siku. Na hizo 88 sehemu yake kubwa imefungwa na oksaleti, tumbo haliwezi kuifungua. Yale maelezo yanayozunguka kwenye makundi ya simu, kwamba kijiko cha ufuta asubuhi kinatibu mifupa, yanaruka hesabu hii yote. Ufuta ni chakula kizuri bila kuongezewa chumvi. Una madini ya chuma, una mafuta mema, na protini yake ina kitu ambacho maharage, kunde na dengu vimepungukiwa, yaani methionini, moja ya vijenzi vya protini, huku yenyewe ikipungukiwa na laisini, kijenzi kingine ambacho kunde zinacho tele. Kula viwili pamoja ni jambo ambalo wapishi wa zamani walilifikia bila maabara: dengu na tahini (rojo ya ufuta uliosagwa) kwa watu wa Shamu, yaani Syria, Lebanoni na majirani zake, kunde na simsim ya kusaga kwa watu wa kaskazini mwa Uganda.

Moto

Ufuta mbichi ukiutafuna hauna cha kukueleza. Una ladha ya mbali ya majani, na ganda lake linakwaruza. Weka ufuta ule ule kwenye kikaango kikavu, moto wa wastani, ukoroge bila kuacha, na katika dakika tatu hadi tano mambo hubadilika. Kwanza maji yaliyomo huondoka. Kisha punje zinaanza kutatarika na kuruka. Sukari na protini za ndani zinaungana kwa joto na kuzaa harufu mpya ambazo hazikuwepo, ndugu za harufu za kahawa na karanga za kukaanga. Punje hujaa kidogo, na sasa unaweza kuivunja kwa vidole viwili, jambo ambalo mbichi hukatalia.

Kwa vile punje ni ndogo na imejaa mafuta, umbali kati ya kuiva na kuungua ni sekunde chache. Usiamini macho peke yake, hasa kwa ufuta wa kahawia au mweusi ambao rangi haionyeshi. Sikiliza na unuse. Kutatarika kunapoanza kupungua, na harufu imefika puani bila kuinama, mimina ufuta kwenye sinia baridi papo hapo. Ukiuacha kwenye kikaango kilichozimwa utaendelea kuiva kwa joto la chuma, na utakuja kuukuta mchungu ukashangaa. Ule uchungu wa kuungua ni mwingine kabisa na wa ganda. Wa ganda ni wa mbali na huisha mdomoni, wa kuungua unakaa na kuharibu chakula chote.

Swali la muhimu zaidi kuliko namna ya kukaanga ni kama ukaange au la, na jibu linategemea moto mwingine unaokuja mbele. Tazama mkate wa ufuta wa Zanzibar. Unga wa ngano unakandwa na tui na hamira hadi uwe mlaini wa kunata, unatandazwa kwenye chuma kwa mkono uliolowa maji, unanyunyiziwa ufuta, ukishika chini chuma kinageuzwa uso wake ukaelekea makaa. Ufuta ule unanyunyizwa mbichi, na lazima uwe mbichi, kwa sababu makaa yataukaanga. Ukinyunyiza uliokwisha kukaangwa, mkate utaiva na ufuta utakuwa mkaa. Sheria ni hiyo hiyo kwa skonsi, biskuti na mikate ya oveni.

Kashata za ufuta zinasimama katikati. Kwa vikombe viwili vya ufuta na kikombe kimoja cha sukari, ufuta unakaangwa lakini nusu tu, hadi ugeuke rangi kidogo. Sukari ikishayeyuka na kuwa rangi ya asali imepita nyuzi 150, na ufuta ukiingia humo unaendelea kuiva ndani ya sukari. Tia iliki iliyotwangwa dakika ya mwisho, mwaga kwenye ubao uliopakwa mafuta, sukuma kwa chupa au mti wa kusukumia chapati uliopakwa mafuta pia, na kata wakati bado ni moto. Ukisubiri zipoe ndipo ukate utavunja vipande kama kioo. Watoto hawatajali, lakini mteja atajali.

Kwa mboga, saladi, wali au kachumbari, ambako hakuna moto tena, kaanga hadi mwisho. Wajapani hukaanga, hutwanga nusunusu pamoja na chumvi na kunyunyizia wali. Ni jambo la dakika kumi na linafaa sana juu ya wali wa nazi na hata muhogo wa kuchemsha, ingawa najua kuna watu wa pwani ambao hawatakubali chochote kiguse muhogo wao isipokuwa pilipili na ndimu.

Kusaga

Punje nzima isiyotafunwa vizuri hupita tumboni ikatoka kama ilivyoingia. Ganda lake limeumbwa kuilinda mbegu. Anayekula ufuta kwa ajili ya lishe na kuumeza mzima mzima anapoteza wakati wake na ufuta wake. Twanga, saga, au tafuna kweli kweli.

Ukisaga, mafuta yaliyofungiwa ndani ya punje hutoka, na unga unageuka rojo. Rojo hiyo ina majina na tabia tofauti kufuata maswali yetu ya mwanzo. Ufuta uliokobolewa, ukakaangwa kidogo tu na kusagwa laini, ni tahini ya Shamu na nchi za Ghuba: nyeupe ya maziwa, tamu, ya kumiminika. Ufuta wenye ganda ukisagwa hutoa tahini nyeusi zaidi, nzito na yenye uchungu. Ufuta wenye ganda ukakaangwa sana kisha ukasagwa, mara nyingi pamoja na karanga, ni odii ya Waacholi na Walango wa kaskazini mwa Uganda, ambayo huungiwa malakwang, majani machachu ambayo bila mafuta ya odii ukali wake ungeyafanya yasilike. Kusini mwa Tanzania ufuta uliotwangwa huingia kwenye mboga za majani pale ambapo mikoa mingine wangetia karanga. Magharibi mwa Kenya Waluo wanaujua kama nyim, na huko husagwa na kukandwa madonge.

Kwa hiyo ukitaka kuungia kisamvu au mchicha, huna sababu ya kuhangaika kukoboa. Uchungu mdogo wa ganda unazama ndani ya tui na kitunguu, na harufu ya kukaangwa ndiyo unayoitafuta. Ukitaka tahini ya dengu za kusaga, hapo kukoboa kuna maana. Njia ya zamani ya watengeneza tahini ni ya akili: ufuta unalowekwa, unapondwa kidogo ganda lilegee, kisha unatiwa kwenye maji ya chumvi nyingi. Maganda yanazama, viini vinaelea, vinaopolewa juu na kuoshwa. Nyumbani inawezekana kwa kilo moja ikiwa una mchana mzima na subira. Vinginevyo nunua uliokobolewa.

Wengi huacha kutengeneza tahini kwa sababu blenda "imegoma". Haijagoma. Ufuta hupita hatua kabla ya kuwa rojo: kwanza unakuwa unga mkavu, halafu unashikana kama mchanga uliolowa na kupanda kando za jagi, halafu ghafla unalegea na kung'aa. Hatua ya pili ndiyo inayokatisha tamaa. Zima, kwangua kando, pumzisha mota, rudia. Ukitia kijiko kimoja au viwili vya mafuta yasiyo na harufu unaharakisha. Usitie maji hapo. Ukitia maji utapata bonge.

Na hilo bonge ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote. Mtu ana tahini nzuri, laini, anakamua ndimu ndani yake, inakauka na kuwa ngumu kama udongo wa mfinyanzi. Anadhani imeharibika, anaitupa. Sababu yake ni hii: tahini ni vumbi la protini na wanga lililolowa ndani ya mafuta. Maji kidogo yakiingia, vumbi lile linayanyonya na kushikana lenyewe kwa lenyewe, linakuwa donge. Dawa yake inakwenda kinyume na hisia, nayo ni kuongeza maji. Tia ya baridi kijiko kwa kijiko huku unakoroga kwa nguvu, na utaona donge linaachia, linageuka jeupe na laini kuliko mwanzo. Sasa mafuta ndiyo yamekuwa matone madogo madogo ndani ya maji. Tia chumvi na kitunguu saumu, na una mchuzi wa samaki wa kuchoma.

Neno moja kuhusu halua, kwa kuwa mapishi ya mtandaoni yanazichanganya. Halua ya Zanzibar, Mombasa na Omani ni ya wanga, sukari, samli, iliki na zafarani, inayokorogwa kwa saa nyingi, na ufuta ukiwemo ni wa kunyunyizwa tu kama lozi. Ile ya Shamu, ya kukatika na kumumunyuka mdomoni, ni tahini iliyopigwa na shira ya moto. Ukitia tahini katika mapishi ya halua ya kwetu hutapata halua yoyote kati ya hizi mbili.

Mchanga, na hatari isiyoonekana

Ufuta unavunwa kabla vitumba havijapasuka, kwa sababu vikipasuka shambani punje humwagika chini zote. Mabua yanafungwa miganda, yanasimamishwa yakauke, kisha yanakung'utwa. Mkulima mwenye turubai anapata ufuta safi. Asiye na turubai anapata ufuta na mchanga, na mchanga wa ukubwa wa punje haupeteki kwa ungo. Kupeta kunaondoa makapi na vumbi tu. Mchanga unatolewa kwa maji: tia ufuta kwenye bakuli kubwa lenye maji mengi, koroga, na kabla haujatulia mimina maji pamoja na ufuta kwenye chujio la matundu madogo, ukiacha kidogo chini ya bakuli. Mchanga ni mzito, umebaki kwenye kile ulichoacha. Rudia mpaka chini pasisikike kukwaruza. Kisha tandaza ufuta kwenye kitambaa ukauke kabisa kabla ya kukaanga, la sivyo utachemka badala ya kukaangika.

Mchanga unavunja jino, lakini kuna hatari isiyoonekana kwa jicho. Ufuta umewahi kukutwa na vimelea vya salmonela mara nyingi katika biashara ya dunia, na juhudi za kuviua zilizaa tatizo lingine: Septemba 2020 Ubelgiji ilitoa tahadhari kwamba ufuta kutoka India una mabaki ya gesi ya ethilini oksaidi, iliyopigwa marufuku kwenye chakula Ulaya, na bidhaa nyingi zikaondolewa madukani. Kwa jikoni kwetu ujumbe ni mdogo: usiule ufuta wa sokoni bila kuuosha na kuupitisha motoni, na usimpe mtoto mdogo tahini uliyosaga kwa ufuta mbichi.

Mzio wa ufuta ni jambo ambalo Afrika Mashariki halizungumzwi sana, ila ndugu zetu wanaopika na kuuza vyakula Ulaya, Marekani na Kanada hawana budi kulijua. Wapo watu ambao kiasi kidogo cha ufuta kinaweza kuwafunga pumzi. Mwaka 2016, binti wa Uingereza wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alifariki baada ya kula mkate ambao ufuta wake ulikuwa umeokwa ndani ya unga na haukutajwa kwenye karatasi ya kufungia. Kifo chake kilizaa sheria ya Uingereza iliyoanza Oktoba 2021, inayotaka vyakula vinavyofungwa tayari mahali pale pale vinapouzwa viandikwe viambato vyote. Marekani iliuweka ufuta kuwa kiambato cha tisa chenye mzio cha kutajwa kwa lazima kuanzia Januari 1, 2023. Mafuta yaliyokamuliwa bila kusafishwa yanabeba protini zinazosababisha mzio, kwa hiyo "nimetia mafuta tu" si utetezi. Anayeuza sambusa kwenye meza moja na kashata za ufuta, kwa kisu kimoja, amtahadharishe mteja.

Kuhusu kuhifadhi, ganda linarudi tena. Ufuta mzima wenye ganda, mkavu, kwenye chombo chenye kifuniko kinachobana, unakaa miezi mingi kabatini. Uliokobolewa umevuliwa nguo yake, basi unakaa muda mfupi zaidi na unafaa kuwekwa kwenye friji. Uliokaangwa unapoteza harufu baada ya wiki chache hata kama haujaharibika. Kaanga kiasi cha wiki moja. Tahini ikijitenga, mafuta juu na udongo chini, koroga tu. Mafuta ya ufuta uliokaangwa nunua chupa ndogo, weka mbali na jiko na dirisha, na ukifungua siku moja ukasikia harufu ya rangi ya kupakia ukuta, yamwage.